Kitenzi cha Kupa: Lugha ya Kampeni za Uchaguzi Kilifi na Malindi

Wachambuzi wa kampeni za uchaguzi nchini Kenya wameshughulika mno na hesabu za kura, miungano ya vyama na makabila ya wagombea. Lugha yenyewe, ambayo ndiyo chombo cha kwanza alicho nacho mgombea jukwaani, wameiachia wanahabari. Makala haya yanakusudia kuitazama lugha hiyo katika sehemu moja ya nchi, yaani pwani ya Kilifi na Malindi, na katika jambo moja, yaani ahadi ya ardhi. Rai yetu ni kwamba tangu uchaguzi wa 1961 msamiati wa ahadi hiyo umebadilika mara kadhaa, bali sentensi yenyewe haikubadilika. Mwenyeji wa Pwani ameendelea kukaa mahali pa yambwa. Ni mtu wa kutendewa.

Yafaa tuanze na mtu ambaye wengi humtaja kwa siasa yake tu. Ronald Ngala, kiongozi wa KADU, alikuwa mwalimu na mwandishi wa Kiswahili kabla hajawa mwanasiasa. Kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama, kilitoka mwaka 1949. Tulitazame neno la kwanza la anwani hiyo. Msomaji wa leo hudhani kwamba nchi ni dola, yenye bendera na wimbo wake. Kwa Ngala nchi ilikuwa ni makao ya watu fulani pamoja na udongo wake, mashamba yake na makaburi yake. Maana hiyo yatoka mbali, kwa sababu katika Kigiriama neno tsi, ambalo ni ndugu wa nchi, hubeba udongo na makao pamoja, na msemaji haoni haja ya kuyatenga.

Basi KADU ilipoingia katika uchaguzi wa 1963 ikidai majimbo, neno hilo lilipata masikio mawili. Nairobi lilisikika kama hoja ya katiba: mabunge ya mikoa, mgawanyo wa mamlaka, kinga dhidi ya wingi wa KANU. Huku Kilifi lilisikika kama tsi. Aliyelisikia hakuuliza bunge la mkoa litakuwa na viti vingapi. Aliuliza nani atasema juu ya shamba lake. Hata magazeti ya Kiingereza yaliliazima neno likiwa zima, yakalitia kiambishi tamati cha Kiingereza, kana kwamba yalikiri hayana lake la kulitosha. (Msomaji wa Tanzania anapaswa kuangalia asije akapotea: kwake jimbo ni eneo la mbunge, na mgogoro wote huu hauonekani ndani ya neno.)

Neno lililoshindana na majimbo wakati ule lilikuwa mwambao. Waliolitumia walitaka ukanda wa maili kumi, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza tangu 1895, usiunganishwe na Kenya. Wafuasi wake wengi walikuwa Waarabu na Waswahili wa mijini, Malindi ikiwamo. Ngala na Wamijikenda wengi waliukataa mwambao wakashika majimbo, na hapo twaona kwamba maneno mawili yanayoelekea kuwa jirani yalikuwa na uadui mkubwa. Mwambao ni ukingo, mstari wa bahari na bandari. Aishiye Ganze au Kaloleni hana nafasi ndani yake. Mapatano ya Oktoba 1963 yaliutia ukanda huo ndani ya Kenya, na Novemba 1964 KADU ikavunjwa ikaingia KANU. Tangu hapo majimbo likawa neno la kulaumiwa, likafufuka mara kwa mara, hata likasikika tena kwa nguvu katika kampeni za 2007. Katiba ya 2010 ililimaliza kwa adabu kwa kuweka kaunti na ugatuzi mahali pake. Ugatuzi ni neno safi la wanasheria. Halina udongo.

Ndipo hatimiliki ikaja mbele. Historia yake ni fupi kusimulia na ndefu kuishi. Sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi ilitaka kila mwenye madai katika ukanda wa pwani ayapeleke yaandikwe. Isiyodaiwa ikawa ardhi ya Serikali ya Kiingereza. Waliokuwa na karatasi, au waliojua njia ya ofisini, walidai. Wamijikenda wengi, waliokuwa wakimiliki kwa ukoo na kwa matumizi, hawakudai. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota katika mashamba waliyozaliwa. Neno hili la kuazima lina hukumu ndani yake, maana humfanya mwenyeji kuwa mvamizi kabla hajafungua kinywa. Na lililo la ajabu ni kwamba wagombea wanaojitangaza watetezi wake ndio walitumiao zaidi.

Sasa tuichambue ahadi yenyewe, kama isikikavyo uchaguzi baada ya uchaguzi: Tutawapa hatimiliki. Kitenzi -pa kina tabia isiyo ya kawaida katika Kiswahili. Vitenzi vingi vyaweza kukaa bila kiambishi cha yambwa, -pa hakikubali. Huwezi kusema tutapa hatimiliki. Lazima mpewaji atiwe ndani ya kitenzi, kati ya wakati na mzizi, na hapo ndipo alipo mwenyeji wa Kilifi: kiambishi cha silabi moja kilichobanwa katikati. Kiima ni tu-, nao ni sisi wa serikali au sisi tutakaokuwa serikali. Kiswahili hakitofautishi sisi pamoja nanyi na sisi bila ninyi, na wasemaji wa jukwaani wanaijua sana faida ya kasoro hiyo. Katika sentensi zile za kuomba, tu- huwakumbatia wasikilizaji wote; katika sentensi za kupa, wasikilizaji wameshatolewa nje bila kuambiwa.

Hata hiyo -wa- ina utata wake. Yaweza kuwa ninyi, yaweza kuwa wao. Msemaji wa Kiswahili cha Pwani huuondoa utata huo kwa kuongeza -ni mwishoni: tutawapeni. Mgeni wa jukwaa atokaye bara aghalabu haongezi, na mwenye sikio hupata sentensi inayoweza kufasiriwa kwamba watakaopewa ni watu wengine kabisa. Hatusemi kwamba ni hila. Ni tofauti ya lahaja. Lakini yaliyotokea katika mashamba ya pwani kwa zaidi ya miaka 100 yameipa tofauti hiyo ya lahaja uzito ambao hakuna mwanasarufi angeukusudia.

Kwa upande wa pili, mgombea naye ni mwombaji: Nipeni kura. Kitenzi ni kilekile kikielekea upande mwingine, na kwa siku ile mpiga kura ndiye mwenye kutoa. Ukiziunganisha sentensi hizi mbili, nipeni kura niwape hatimiliki, zinaonekana kama biashara ya haki. Si ya haki. Kura ni mali ya mpiga kura bila shaka yoyote, ilhali hatimiliki, kwa maoni ya mpiga kura huyo, ni karatasi ya mali ambayo tayari ni yake. Anaombwa atoe chake ili apewe chake. Kuna kitenzi ambacho kingesema kweli, nacho ni kurudishia. Kitenzi hicho hukiri kwamba kitu kilichukuliwa, na anayekiri hilo huulizwa kilichukuliwa na nani, kiko kwa nani sasa. Si ajabu kwamba kitenzi cha kupa hupendwa zaidi.

Kauli moja tu iliyovuma pwani katika miaka hii ilimweka mwenyeji mahali pa kiima, nayo haikuwa ya kampeni. Pwani si Kenya, kauli ya Baraza la Mombasa Republican, kundi lililopigwa marufuku 2010 na kufunguliwa na Mahakama Kuu ya Mombasa Julai 2012, ilitumiwa na watu waliohimiza uchaguzi wa Machi 2013 ususiwe. Tuitazame kwa sarufi tu. Kiima ni Pwani. Baada yake hakuna kitenzi. Kuna kishirikishi cha kukanusha, kisicho na wakati, kisicho na nafsi, kisichoeleza tendo. Ni sentensi yenye nguvu ya kukataa, na haina nafasi ya kuingiza la kufanya kesho yake. Wanaoishutumu kwa uasi na wanaoisifu kwa ushujaa wote wameipita bila kuuona upungufu huo.

Je, basi sarufi ya kupa imefaulu? Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa kuwa mhakiki wa lugha hujaribiwa kudhani kwamba msikilizaji hukubali kila nafasi anayopewa katika sentensi. Mwaka 2013, baada ya kuchaguliwa, Rais Uhuru Kenyatta alikuja Pwani akagawa hatimiliki kwa wingi. Kwa mantiki ya -pa, aliyepewa alikuwa na deni. Machi 2016 kulikuwa na uchaguzi mdogo Malindi. Vigogo wa serikali na wa upinzani walipiga kambi huko kana kwamba ni uchaguzi wa taifa zima, na mgombea wa ODM akashinda. Mwaka 2017 Kaunti ya Kilifi ilimpigia Raila Odinga, na mwaka 2022 ikampigia tena. Sababu za kura ni nyingi, na nyingine hazihusu ardhi. Hata hivyo haielekei kwamba waliopokea karatasi zile walijiona wamepewa. Mzee aliyerudishiwa ng'ombe wake na jirani humwambia ahsante kwa adabu, kisha humhesabu ng'ombe.