Pango la Shimoni: Kisa na Mnunuzi Asiyetajwa

Visa vya mahali ni utanzu uliopuuzwa na wahakiki wa fasihi simulizi. Methali na ngano hukusanywa na kuchambuliwa. Maneno asemayo mwenyeji anapomwonyesha mgeni jengo au pango huachiwa watembezaji wa watalii. Waingereza hawakuvidharau vyao. Jamaica Inn, kilabu cha pombe kilichojengwa Cornwall mwaka 1750, kilivuma kwa magendo na mizuka, na riwaya ya Daphne du Maurier ya mwaka 1936 ikakikuza zaidi.

Shimoni, mkabala wa kisiwa cha Wasini, Waingereza waliacha majengo ya Kampuni yao ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Lakini kisa hakikukaa katika majengo hayo. Kilikaa pangoni, na shimo hilo ndilo lililoupa mji jina.

Kisa kina sura mbili. Katika ya kwanza, wenyeji hujificha pangoni wakiwakimbia Wamaasai. Katika ya pili, watumwa hufungiwa humo kwa minyororo wakingoja jahazi la kwenda soko la Unguja. Sura ya pili imeimeza ya kwanza, na wimbo wa Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi, ukaieneza ng'ambo.

Kifani, sura hii ya pili ina nguvu kweli: giza, chuma ukutani, kisha bahari. Fanani hana haja ya kupamba. Kasoro imo katika mhusika asiyeonekana, yaani mnunuzi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Watumwa wakazidi kupitishwa nchi kavu kuelekea kaskazini, hata Sayyid Barghash akaipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Mashamba ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa, na katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Kisa kinapompakia kila mtumwa jahazini, lawama nayo hupakiwa pamoja naye. Yule aliyebaki, akalima shamba la bwana wa pwani hii hii na kuzaa watoto hapa, hana nafasi katika masimulizi. Wala wajukuu wake hawana.

Fanani asilaumiwe peke yake. Mgeni aliyelipa kiingilio hutaka kisa chenye mwisho, na jahazi ni mwisho unaoridhisha. Hata hivyo, matini ya mlangoni mwa pango haimtoshi mtafiti. Yafaa ilinganishwe na yasemwayo Wasini na Vanga, kwa Kivumba, mgeni akiwa hayupo. Msamiati pekee ungefichua mengi: kisa cha pangoni hutosheka na neno mtumwa, ilhali pwani ilimtenga mjinga, aliyeletwa karibuni kutoka bara, na mzalia, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake. Mzalia hakupata kufungiwa pangoni.