Pelikili ya pinki na foto ya bibi

Mara ya kwanza niliona milima ya Kivu ikiwa pinki ilikuwa kwenye telefone ya mwenzangu, pale Nyawera, tukingoja teksi ya Bagira. Nikauliza: hii filtre gani? Akacheka: «Hapana, ni pelikili.»

Kumbe ni kazi ya Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland. Alikuja Kivu na Kodak Aerochrome, pelikili iliyotengenezwa kwa ajili ya upelelezi wa jeshi. Majani mabichi yanarudisha mwanga ambao jicho halioni; pelikili inaushika na kuugeuza kuwa nyekundu au pinki. Aliyejificha nyuma ya rangi ya kijani ya uongo anaonekana. Kodak iliacha kuitengeneza 2009. Mosse alitoa kwanza Infra, kisha The Enclave, filamu ya skrini sita iliyoonyeshwa Venice 2013.

Niseme ukweli: hapo alifikiri. Vijana wengi leo wanatamani kamera ya zamani juu ya urembo tu, na urembo huo telefone inauiga bila shida. Yeye alichukua pelikili ya kufichua vilivyofichwa, akaielekeza kwenye vita ambayo dunia inajifanya haiioni. Chombo na habari vinashikana.

Lakini kuko jambo linanikwaza. Foto moja ya 2010 inaitwa La Vie en Rose, kama wimbo wa Édith Piaf. Mzaha tunauelewa, Kifaransa tulikisomea. Ila mlima ule una jina, na watu wa pale wanalijua. Mzaha ule ni wa mtu wa kwenye maonyesho, si wa mwenye shamba.

Pelikili inaomba imani. Leo ukimpiga mama foto soko la Kadutu, anakuambia: «Leta nione.» Haikumpendeza? «Futa!» Mbele ya pelikili hawezi. Anasimama, haoni kitu, na sura yake inaondoka ndani ya kopo.

Bibi yangu naye alisimama hivyo studio, zamani. Alingoja siku kadhaa, lakini foto ilirudi. Mpaka leo iko ukutani, imefifia kidogo. Mimi telefone yangu iliibiwa, foto zote za siku ya kutetea mémoire zikaenda nayo. Kwa hiyo siwezi kuicheka pelikili.

Basi napima kazi ya pelikili kwa maswali mawili. Inaona nini ambacho telefone haioni? Na foto inarudi kwa nani? Kwa swali la kwanza, Mosse anapita vizuri kabisa. Kwa la pili, mimi mtoto wa Kivu nilikutana na milima yetu kwenye kioo cha telefone ya kuazima. Hilo njo jibu langu.

Wewe unayetafuta kamera ya pelikili, itafute. Ila ukisafisha, toa foto mbili. Moja weka. Ya pili mpelekee mwenye sura.