Sifa za Kufuta

Barabara ya kutoka Itigi kwenda Makongolosi hadi Mbeya inapita Rungwa, jina ambalo wengi tunalijua kwa pori la akiba na tembo wake. Kuna watu pia: Wakimbu wenyeji, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, warina asali wanaoshinda miomboni. Riwaya ya watu hao naisubiri kwa hamu, na naamini itaandikwa na mtu wa hukohuko, usiku, kwenye daftari la shule. Nataka kuisifu kazi itakayomkabili akishafika ukurasa wa mwisho, maana hapo ndipo ufundi unapoanza: kufuta na kuandika upya.

Tuchukue sentensi moja. "Mrina asali alirudi nyumbani amechoka sana kwa sababu ya kazi ngumu ya kutwa nzima." Sarufi iko sawa, mwalimu angeipa vema. Lakini mtu haonekani. Sasa ifutwe, iandikwe hivi: "Mrina asali aliitua ndoo mlangoni, akaketi bila kuvua viatu. Nyuki watatu walikuwa wamemfuata." Uchovu hautajwi, ila upo miguuni pake, na wale nyuki wameingiza wasiwasi ambao mwanzo haukuwepo. Mkewe akitokea ndani, tayari ana la kusema. Raha ya kufuta naiona hapo, na sijui kazi nyingine inayonipa raha kama hiyo.

Mazungumzo yasomwe kwa sauti, tena mbele ya watu. Mzee wa Kikimbu na kijana mfugaji hawasalimiani kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, na jirani anayesikiliza ataukamata uongo huo mapema kuliko mwandishi. Akianza kupiga miayo, ukurasa huo urudi mezani.

Halafu kuna kungoja, na huku ndiko wengi wanakoishia. Shaaban Robert aliiandika Kufikirika miaka ya 1940. Ilichapishwa 1967, naye alikuwa amefariki tangu 1962. Jambo hilo hunihuzunisha kila nikikishika kitabu kile. Siku hizi mswada una milango zaidi ya kubisha: Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa 2023, na riwaya ina nafasi yake humo. Milango hiyo haipunguzi kazi. Mswada uliojaa "sana" na "kwa kweli" utarudi ulikotoka.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa 1948, alikuwa na miaka 38 riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilipotoka 1987. Nobeli ilimfikia 2021. Mimi huitazama zaidi miaka iliyo katikati: riwaya ya pili ilitoka 1988, ya tatu 1990, na Paradise 1994. Vitabu haviongozani hivyo kwa mtu aliyekaa akisubiri barua ya mchapishaji. Kwa hiyo mwandishi wetu wa Rungwa, mswada wa warina asali ukishapanda basi, afungue daftari jingine na kuanza ule wa madereva wa malori ya Makongolosi.