Safari za Kila Siku Zilivyogeuzwa Kipimo cha Ubongo

Ugonjwa wa Alzheimer huanza ndani ya ubongo miaka mingi kabla mgonjwa hajasahau jina la mjukuu wake. Protini iitwayo amiloidi hujikusanya nje ya seli za neva, nyingine iitwayo tau hujisokota ndani yake, na wakati huo wote mtu anaendelea na shughuli zake: anapika, analipa bili, anaendesha gari. Kipindi hicho, kinachoweza kuchukua miaka 10 hadi 20, madaktari hukiita hatua ya kabla ya dalili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walijiuliza kama ni kweli hakuna kinachoonekana katika miaka hiyo, au kuna jambo katika mwenendo wa kila siku linalobadilika taratibu bila mwenyewe wala jamaa zake kuling'amua. Walikwenda kulitafuta barabarani.

Uendeshaji una sifa mbili zinazoufanya ufae kwa kazi hiyo. Kwanza, unaitaka akili yote kwa wakati mmoja. Dereva anayekaribia makutano hutazama taa, huwaangalia waenda kwa miguu, hukumbuka njia ya kushika, huamua kupita au kusimama, na mguu wake hauna budi kutii papo hapo. Pili, kazi hiyo ngumu hurudiwa mara nyingi kwa hiari. Katika miji mingi ya Marekani mabasi ni machache na maduka yako mbali na makazi, kwa hiyo mzee hutoka na gari siku nyingi za wiki, kila safari ikiwa kama jaribio dogo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye.

Njia ya zamani ilikuwa kumtahini dereva. Mwaka 1997 watafiti wa chuo hicho walichapisha tathmini ya mtihani wao wa barabarani, ambamo mzee hupewa njia maalumu ya kupita akiwa na mkufunzi kando yake, kisha hupewa alama ya kufaulu, kuwa mashakani au kushindwa. Baadaye Catherine Roe na wenzake waliutumia mtihani huo kwa wazee wenye akili timamu ambao vipimo vyao vya maji ya uti wa mgongo vilikuwa tayari vinajulikana. Walioonyesha dalili za kibayolojia za Alzheimer ndio walioelekea kuwahi kupata alama ya mashakani au ya kushindwa kadiri miaka ilivyokwenda. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani liligusa watu ambao hakuna daktari angewaita wagonjwa.

Hata hivyo mtihani una kasoro ambayo haiondoki kwa kuuboresha. Unapima kile dereva anachoweza kukifanya akitazamwa, kwa saa moja au chini yake, mchana, kwenye njia aliyochaguliwa na mtu mwingine. Haupimi anachochagua mwenyewe. Mzee aliyeacha kuendesha usiku kwa sababu taa za magari yanayomjia zinamchanganya anaweza kufaulu vizuri asubuhi, na hakuna atakayejua kwamba nusu ya maisha yake ya udereva imekwisha kufungwa. Kutokana na upungufu huo ulizaliwa mradi wa DRIVES, ulioongozwa na Roe pamoja na Ganesh Babulal.

Kifaa kilichotumika hakikuwa cha ajabu. Magari yanayouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 1996 yana tundu chini ya dashibodi ambamo fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu za injini. Watafiti walichomeka hapo kijisanduku kinachoenea kiganjani, ndugu wa vile vinavyofungwa kwenye malori na mabasi ili mwenye mali ajue gari lake liko wapi. Kinapata umeme kutoka kwenye betri ya gari, kinajiwasha injini ikiwashwa, na ndani yake kina kipokezi cha GPS pamoja na kihisi cha mtikisiko. Safari inapoendelea, kila nusu dakika hivi huandika mahali gari lilipo na mwendo wake, na huongeza alama kila breki inapokanyagwa kwa nguvu au gari linapochomoka ghafla. Hakuna kamera wala daftari la kujaza. Baada ya siku chache mzee husahau kwamba kipo, na usahaulifu huo una faida kwa utafiti, kwa sababu mtu anayejua anatazamwa huendesha kwa adabu kuliko kawaida yake.

Kundi la majaribio lilikuwa dogo, madereva 20 tu, na lilifuatwa kwa miaka 2 na nusu. Waliokuwa na dalili za kibayolojia walifika sehemu chache zaidi, na mienendo ya ukali barabarani ilikuwa michache kwao kuliko kwa wenzao. Jambo hili la pili linastahili kuzingatiwa, maana ni kinyume cha matarajio ya wengi. Mtu angedhani ubongo unaoanza kuharibika ungejionyesha kwa makosa, yaani breki za ghafla, kona za pupa na mwendo usiotabirika. Kilichoonekana ni tahadhari. Dereva anajipunguzia mzigo kabla haujamwelemea, na inaelekea anafanya hivyo bila kujieleza sababu.

Hatua iliyofuata ilichapishwa mwaka 2021, mwandishi wake wa kwanza akiwa Sayeh Bayat wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, akishirikiana na timu ya St. Louis. Safari hii madereva walikuwa 139, wote wenye umri wa miaka 65 au zaidi, na kila mmoja alifuatiliwa kwa mwaka mzima. Vipimo vilionyesha kwamba 64 kati yao walikuwa katika hatua ya kabla ya dalili na 75 hawakuwa nayo. Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Kijisanduku ni rahisi, na programu za kuchambua takwimu zipo kila mahali. Adimu ni kuwa na watu zaidi ya mia moja ambao ukweli kuhusu ubongo wao unajulikana. Ukweli huo hupatikana kwa kuchoma sindano kiunoni na kuchota maji ya uti wa mgongo, au kwa picha za PET zinazoonyesha amiloidi ubongoni. Vyote viwili ni ghali, na cha kwanza hakipendwi na mtu. Kituo cha utafiti wa Alzheimer cha chuo hicho kilikuwa kimewafuatilia wazee wa kujitolea kwa miaka mingi, wakipimwa kila mwaka kwa kipimo cha CDR kilichobuniwa hapo hapo chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambacho alama yake ya 0 humaanisha hakuna dimensia. Bila uvumilivu wa wazee hao, takwimu za barabarani zingekuwa mistari kwenye ramani tu.

Mistari hiyo nayo ilibidi igeuzwe namba. Safari za mwaka mmoja za dereva mmoja ni nukta maelfu kwa maelfu, na algoridhimu haiwezi kuzisoma zikiwa ghafi. Kwa hiyo watafiti walizifinyanga kuwa vielelezo. Baadhi ni vya mwendo: kasi, kubadilika kwa kasi ghafla, breki kali. Vingine ni vya mawanda: idadi ya safari, urefu wake, sehemu tofauti zilizofikiwa, na umbali ambao mtu hutawanyika kutoka kitovu cha maisha yake. Kiko pia kielelezo cha kutotabirika, kinachouliza ni vigumu kiasi gani kubashiri dereva huyu ataelekea wapi. Mwenye kwenda kanisani, dukani na kwa binti yake tu ana alama ya chini, na anayezunguka mji mzima ana alama ya juu. Saa za safari nazo zilihesabiwa, usiku ukitengwa na mchana.

Namba hizo zilikabidhiwa kwa njia iitwayo msitu nasibu. Msitu huu ni mkusanyiko wa miti mingi ya maamuzi. Kila mti hupewa sehemu ya watu na sehemu ya vielelezo kwa bahati nasibu, kisha hujifunza kuuliza maswali ya ndiyo au hapana: je, safari za usiku ni chini ya kiasi fulani, na kama ndivyo, je, sehemu zilizofikiwa ni chache? Mti mmoja hukosea sana, lakini miti mingi ikipiga kura, makosa ya mmoja hufutwa na wengine. Njia hii inafaa pale watu wanapokuwa wachache na vielelezo vingi, mradi wale waliotumika kuifundisha wasiwe wale wale wanaotumika kuipima, kwani huko ni sawa na kumtahini mwanafunzi kwa maswali aliyofundishiwa majibu yake.

Kwa kutumia umri na takwimu za safari peke yake, mfumo uliwatenganisha watu wa makundi hayo mawili kwa usahihi wa asilimia 86 hivi. Ulipoongezewa taarifa ya jeni ya APOE, ambayo aina yake ya 4 huongeza hatari ya Alzheimer, usahihi ulipanda hadi asilimia 90. Pengo kati ya namba hizo mbili ni dogo, na udogo wake ndio habari: kipimo cha damu cha jeni kiliongeza machache juu ya yale ambayo gari lilikuwa limekwisha kuyasema. Wenye dalili za kibayolojia walielekea kuendesha polepole zaidi, kusafiri kidogo zaidi usiku, kwenda umbali mfupi zaidi kwa jumla na kushikamana na njia zile zile.

Asilimia 86 ni namba inayopendeza, na kwa sababu hiyo inataka kushikwa kwa uangalifu. Katika kundi la St. Louis karibu nusu ya watu walikuwa na tatizo linalotafutwa. Mtaani hali si hiyo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kuna madereva wazee 1,000 na 100 kati yao wako katika hatua ya kabla ya dalili, na mfumo unapatia kwa asilimia 86 kwa pande zote mbili. Utawagundua 86 kati ya 100. Lakini kati ya 900 wasio na tatizo utawatuhumu 126. Anayeambiwa ana dalili atakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mzima kuliko wa kuwa nazo. Mfumo haujaharibika, ila umehama kutoka kundi teule kwenda kwa umma.

Utafiti mwingine wa Marekani, LongROAD, ulilikabili tatizo hilo kwa upande wake mgumu. Ulikusanya madereva 2,990 wenye umri wa miaka 65 hadi 79 katika majimbo 5 kati ya mwaka 2015 na 2017, bila kuwachagua kwa vipimo vya ubongo. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 na timu ya Chuo Kikuu cha Columbia, watu 2,977 walihusishwa, na hadi Aprili 2019 waliokuwa wamegunduliwa upya kuwa na udhaifu mdogo wa utambuzi walikuwa 33 na wenye dimensia 31. Jumla ni 64, yaani takriban asilimia 2. Kompyuta ambayo ingesema "kila mtu ni mzima" bila kutazama safari hata moja ingepatia kwa karibu asilimia 98 na isimsaidie mtu yeyote. Ndiyo sababu timu hiyo ilitumia alama ya F1, ambayo huadhibu mfumo kwa kuwakosa wagonjwa na pia kwa kuwatuhumu wazima. Kwa taarifa za umri, rangi na nyinginezo za kijamii peke yake, alama ilikuwa asilimia 29. Kwa takwimu za uendeshaji peke yake ilikuwa 66, na zote kwa pamoja 88.

Vielelezo vilivyobeba uzito mkubwa huko vilifanana na vya St. Louis kwa kiasi: sehemu ya safari zilizofanyika ndani ya kilomita 24 kutoka nyumbani, dakika za kila safari, na dakika za mzunguko mzima unaoanzia na kuishia nyumbani. Breki kali nazo zilihesabika. Kipimo chake kilikuwa mwendo kupungua kwa angalau 0.35 ya mvutano wa dunia, ambayo kwa gari lililo kwenye kilomita 60 kwa saa ni sawa na kusimama kabisa ndani ya sekunde 5 na mita 40 hivi.

Mwaka 2025 timu ya Babulal ilirudi na swali la hatua inayofuata, pale dalili zinapoanza kuonekana. Kati ya madereva 298 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 3, 56 walikuwa na udhaifu mdogo wa utambuzi. Mwanzoni uendeshaji wao ulikaribiana na wa wenzao. Tofauti ilijitokeza kadiri muda ulivyopita: safari za mwezi zilipungua, za usiku zilipungua, na njia zikawa zile zile. Takwimu za safari ziliwatambua kwa usahihi wa asilimia 82, ilhali mfumo uliotegemea umri, alama za mitihani ya akili na jeni bila habari za gari ulifika 76.

Matokeo hayo yanaonyesha mahali pa kutegemea njia hii. Kumlinganisha dereva na jirani yake kuna mitego mingi. Mmoja anaishi karibu na duka na mwingine mbali, mmoja amestaafu na mwingine bado anafanya kazi, mmoja ana mtoto wa jicho linalomzuia kuendesha usiku ilhali ubongo wake hauna neno. Kijisanduku hutambua gari, hakimtambui aliyeshika usukani, na mume na mke wakishiriki gari moja safari zao huchanganyika. Washiriki wa St. Louis, zaidi ya hayo, wengi wao ni Wazungu wenye elimu ya juu, kundi lisilowakilisha hata mji wao wenyewe. Kumlinganisha dereva na yeye mwenyewe wa mwaka jana huondoa sehemu kubwa ya mitego hiyo. Nyumba ni ile ile, duka ni lile lile, na kilichobadilika kinabaki peke yake mbele ya mchambuzi.

Ulinganisho wa aina hiyo hautoi cheti cha ugonjwa. Unaweza tu kusema kwamba jambo limebadilika na kwamba muda wa kumwona daktari umefika. Na kwa kuwa kumbukumbu za safari huonyesha pia mzee anasali wapi, anatibiwa wapi na anamtembelea nani, watafiti huzikusanya kwa idhini ya maandishi ya mshiriki na huzitenga na jina lake kabla ya kuzichambua.