«Ni kwako wewe tu»: Jibu la mashini lenye linatuonea

Bandugu wa promosio, na ninyi badogo wenye mungali ku auditwari, leo nataka kukosoa kitu kidogo chenye wengi wetu tunatumia bila kukiwazia. Ni zile tovuti zenye kazi yake ni kukuambia kama tovuti ingine imeanguka. Unaandika anwani, unabonyeza, na nyuma ya sekunde chache unapata jibu: imeanguka kwa watu wote, ao ni kwako wewe tu. Moja yenye inajulikana sana ni Down for Everyone or Just Me. Alex Payne njo aliitengeneza mu 2008, wakati alikuwa anatumika kwa Twitter, na jina lake ni lile swali lenyewe.

Sisemi kwamba ni kitu kibaya. Inamuokoa mutu asizime na kuwasha telefone mara kumi bure, wakati shida iko ngambo ingine ya dunia. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini jibu lake la pili, lile la «ni kwako wewe tu», njo niko na kesi nalo.

Mwaka uliopita, mudogo mmoja wa fakilte yetu, hapa Bukavu, alikuwa anaomba bursi. Dosie ilikuwa tayari: diploma, releve za pointi, barua mbili za maprofesa. Siku ya mwisho, saa mbili za usiku, tovuti ikakataa kufunguka. Akaenda kuuliza mashini. Mashini ikajibu kwamba tovuti iko muzima, shida ni yake. Akanunua mega zingine. Akaomba telefone ya jirani, yenye ilikuwa na rezo ileile. Bure. Saa sita ikapita. Asubuhi akaniambia: «Yaya, ni mimi njo nilikosea. Banasema tovuti ilikuwa inatembea.»

Kumbe haikuwa yeye. Nilipouliza mu grupe yetu, wengine watatu wa muji huu, wote ku rezo ile moja, walishindwa usiku uleule. Rafiki wa Lubumbashi alifungua bila shida. Tovuti ilikuwa muzima kweli. Kilichokufa ni njia ya kutoka kwetu kufika kule.

Mashini haikudanganya, na tuelewe kwa nini. Wakati unaiuliza, haipiti ku telefone yako. Inatuma ombi kutoka kwa serveri yake yenyewe, mara nyingi Marekani ao Ulaya, na inangoja tovuti ijibu. Ikijibiwa vizuri, inasema «muzima». Maana yake ni moja tu: kutoka pale nilipo, naona mulango uko wazi. Lakini ombi letu linatoka ku antena ya kartie, linapita kwa kampuni ya simu, linavuka mipaka ya inchi kwa waya ao kwa satelite, kisha nyaya za chini ya bahari. Likikwama pahali popote mu safari ile, mwenye amesimama Marekani hawezi kuona.

Mu mwezi wa nane 2023, nyaya mbili za baharini, WACS na SAT-3, zilikatika kwa maporomoko ya chini ya bahari, mu korongo refu lenye linaanzia ku mudomo wa muto Kongo. WACS njo ile yenye inafika Muanda. Intaneti ikawa nzito mu inchi nyingi za Afrika. Serveri za Ulaya hazikuwa na kidonda hata kimoja. Na mwisho wa 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilifungwa mu Kongo muzima tangu tarehe 31/12, karibu siku makumi mbili. Tovuti zote za dunia zilikuwa zinatembea. Mashini ya Marekani ingeulizwa siku ile, ingesema vilevile: si tovuti, ni wewe. Na huyo «wewe» ni inchi nzima, milioni za watu.

Njo maana nasema jibu lile linatuonea. Swali liko na majibu mawili tu, dunia yote ao mutu mumoja. Katikati hakuna muji, hakuna rezo, hakuna inchi. Na sisi karibu kila mara tuko pale katikati.

Mutu ataniambia: tumia Downdetector. Ile inafanya kazi kwa namna ingine. Inahesabu malalamiko ya watu na kuyalinganisha na ya siku za kawaida. Tarehe 4/10/2021, wakati Facebook, WhatsApp na Instagram zilianguka pamoja karibu saa sita, malalamiko yalipanda mara moja, na kila mutu aliona. Lakini hesabu ya malalamiko inataka watu wenye kulalamika. Watu makumi tano wa Bukavu wenye hawana hata mega ya kufungua Facebook hawatachora kitu ku ile grafike. Kimya chao kinasomwa kama amani.

Kuna shida ya tatu: mashini nyingi zinapima ukurasa wa kwanza tu. Ukurasa ule unaweza kufunguka vizuri, na pahali pa kutuma dosie pamekufa. Mulinzi anakusalimia ku mulango, lakini ofisi imefungwa.

Basi tufanye nini? Tusiache kuuliza mashini, lakini isiwe ya mwisho kusema. Kwanza, fungua tovuti zingine mbili. Kama zote zinakataa, shida iko kwako ao kwa rezo yako. Kama moja tu inakataa, jaribu na karte SIM ya kampuni ingine, hata ya kuazima. Kisha pigia mutu wa muji mwingine, umuombe afungue. Kupiga simu kwa dakika moja kunakupa habari kuliko ile sekunde ya mashini. Na mwisho, piga picha ya ekrani yenye kuonyesha saa na kosa, uandikie wenye bursi email mbele saa sita haijafika. Hawalazimike kukubali, lakini utakuwa na kitu cha kuonyesha. Mudogo wetu hakuwa na kitu. Alikuwa na aibu tu, na aibu haitumwe ku dosie.

Kwa wenye kutengeneza hizi mashini, naomba mustari mumoja tu: «Tumejaribu kutoka muji fulani.» Mutu akisoma vile, ataelewa mwenyewe kwamba hawakujaribu kutoka kwake.

Na kwa grupe yetu: tovuti ya bursi ao ya iniversite ikikataa, usiandike tu «mbona haifunguke?» Andika muji, rezo na saa. Watu watano wakifanya vile, tutajua kuliko mashini.

Mudogo anaomba tena mwaka huu. Tumepatana atume dosie siku tano mbele ya mwisho, na ikikataa, anipigie kwanza.