Tuba si Mzigo wa Aliyeshindwa

Iko dhana katika bendi za usharika kwamba tarumbeta ni ya hodari na tuba ni ya mwenye mabega mapana. Dhana hiyo yafaa kupingwa. Mpigaji mzoefu wa Tarime au Serengeti akikabidhiwa tuba kubwa, hukuta bomba la takriban mita 5.5, karibu mara nne ya lile la tarumbeta. Vidole hukumbuka kazi yake upesi. Midomo na pumzi havina budi kufundishwa upya. Akiibana midomo kama alivyozoea, sauti huwa nyembamba, na waimbaji hukosa msingi.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa moyo: aliyeongoza wimbo sasa anaubeba. Hata hivyo, Wakurya, wenye litungu, kinubi chao cha nyuzi nane na mngurumo mzito, waijua thamani ya sauti ya chini tangu kabla tuba haijasajiliwa Berlin mwaka 1835.

Paulo aliwafundisha Wakorintho kutodharau kiungo chochote. Basi tuba asipewe aliyeshindwa tarumbeta, bali aujuaye wimbo mzima.