Punda Asiye na Moyo: Hadithi na Ufahamu Darasani

Walimu wenzetu wa shule za msingi wamezoea kupima ufahamu wa hadithi kwa maswali matatu: nani, wapi, na nini. Maswali hayo si mabaya, maana ndiyo mlango wa hadithi. Kosa letu ni kusimama mlangoni tukadhani tumekwisha ingia nyumbani. Katika makala haya twakusudia kulipima jambo hili kwa kuihakiki hadithi moja ya kale, tuliyoisoma pamoja na watoto wa Nakasero, mjini Kampala.

Hadithi yenyewe ni Kisa cha Punda wa Dobi, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870. Kima alifanya urafiki na papa, akawa akimtupia matunda ya mkuyu. Siku moja papa alimwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika katikati ya bahari, alimfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao huacha mioyo yao mtini. Heri warudi wakauchukue. Papa akarudi. Kima alipokwisha panda mti alikataa kushuka, akamsimulia papa kisa cha punda wa dobi. Punda huyo alihadaiwa na sungura akapelekwa kwa simba, akaponea chupuchupu. Kisha akahadaiwa tena, akauawa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Simba alipovidai, alijibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo. Angalikuwa navyo, asingalirudi mara ya pili.

Tuanze na mandhari na wahusika. Maji makubwa ayajuayo mtoto wa Kampala ni ya ziwa la Nyanza, yasiyo na papa. Tena neno lenyewe laweza kumletea akilini Baba Mtakatifu wa Roma, kwa kuwa hata Kiganda humwita hivyo. Mwalimu asiogope kulifafanua. Visa hivi vimo pia katika Panchatantra ya Bara Hindi, ambako mahali pa papa pana mamba, mnyama ambaye watoto wa Uganda wanamfahamu. Kwa upande mwingine, Kiganda chatusaidia: kima ni enkima, mti ni omuti, na moyo ni omutima, neno ambalo washairi wetu walijua kuwa mtima.

Lakini kiini cha hadithi kimo katika neno moyo. Katika kisa cha kwanza moyo ni kiungo cha mwili. Katika kisa cha pili ni akili ya mtu kukumbuka yaliyompata. Mwanafunzi akiandika kwamba punda hakuwa na moyo, kwa maswali yetu matatu atapata alama zote, ilhali hajafahamu kitu. Hapo ndipo lifaapo swali la nne: Kwa nini kima anamsimulia papa kisa hiki? Anayejibu kwamba kima anasema, "Mimi si punda," huyo ameisoma hadithi. Na akiongeza kwamba kima naye alihadaiwa mara ya kwanza, basi amemshinda mwalimu wake, maana ameona kuwa tofauti ya kima na punda ni ile mara ya pili. Ndiyo sababu tunavilaumu vitabu vinavyosimulia kisa cha kima na papa, vikamwacha punda. Hapo hubaki ujanja mtupu, wala hakuna la kufikiri.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa Nakasero. Kilima hiki kina soko ambamo lugha nyingi hukutana. Lakini ndicho pia kilichokuwa na makao ya idara ya upelelezi ya Idi Amin, aliyetawala kuanzia 1971 hadi 1979. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo wazee wengi walikijua kuwa lugha ya askari na ya amri. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sheria imekifikisha Kiswahili darasani; haiwezi kukipendekeza kwa watoto. Amri hutaka kutiiwa, hadithi hutaka kuulizwa. Mwalimu anayedai majibu ya kukariri tu, hata akiwa mpole, hukirudisha Kiswahili kambini.

Basi twawaomba walimu wenzetu wasifunge kitabu kabla ya swali la nne. Mtoto apewe nafasi ya kunyamaza na kuwaza. Hata akianza kujibu kwa Kiganda, asikatizwe, bali asaidiwe kulitamka wazo lake kwa Kiswahili. Tumefundisha kwa njia ya kwanza miaka mingi, na tumeona matunda yake. Kuirudia tena kutakuwa ni kusikia kisa cha punda bila ya masikio.